Guta la baba na oili iliyobaki kwenye kopo

Leo nimeua injini ya baba.

Yeye amelazwa Korogwe, na guta hili, pikipiki ya matairi matatu ya kubebea machungwa, ndilo linalotulisha.

Nilikuwa nabadilisha oili; ile chafu niliimwaga vizuri tu. Ndipo jirani yetu, Mzee Sefu, akaja kuiomba apake nguzo za banda, mchwa wasizile.

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Kumbe binti fundi!"

Nikacheka, nikammiminia yote. Alipoondoka nikafunga nati, nikawasha.

Oili mpya bado imo kwenye kopo.

Injini ililia chuma kwa chuma, ikanyamaza. Haizunguki tena.

Jioni baba akapiga simu. "Sefu kaniambia umebadilisha oili mwenyewe. Leo nitalala, mwanangu."

"Lala, baba."

Kesho naenda kumwona. Jamani, nimwambie, au nisubiri apone?