Mteja Aliyenisihi Nirudishe Beringi Mbovu

Nimetengeneza mashine za kufulia hapa Same mpaka vidole vimeota sugu. Mteja anayelia kwa sababu mashine yake imepona nimemwona mmoja tu.

Alipiga magoti kwenye saruji, akanishika suruali, akasema, "Fundi, nakuomba, zirudishe zile beringi mbovu."

Nilidhani kachanganyikiwa. Ngoja niwape yote, mtaniambia nyie.

Naitwa Loth, kijiwe changu kiko karibu na stendi. Nina mdomo, wanaonijua wanajua, na sipendi kufundishwa kazi.

Siku hiyo alinipigia jamaa wa Dar anaitwa Anold. Mama yake mzazi, Bibi Nakiete, aliteremshwa kutoka Suji, kijijini kwao milimani, akawa anaishi hapa mjini na binti yake, Esta. Mashine aliwanunulia Anold.

"Fundi, kila nikipiga simu nyumbani ni ngurumo tu. Simsikii dada, simsikii mama. Nenda kaitengeneze."

"Hizo ni beringi, kaka. Wala sina haja ya kuiona."

Nikaagiza beringi na sili Moshi, zikaja na basi. Asubuhi nikagonga geti.

Esta alifungua kidogo tu, nikaona uso. Mtu mzima, macho mekundu, amechoka vibaya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mimi sijaita fundi."

"Kaka yako ndiye kaniita."

Akasimama pale kama anatafuta la kunifukuzia. Hakulipata, akanipisha.

Mashine ilikuwa kibaraza cha nyuma, chini ya dirisha la chumba, inazunguka. Aisee! Makelele kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Nikaizima.

Hapo hapo Esta akakimbilia redio, akafungulia kwaya sauti ya mwisho.

"Dada, punguza basi, nashindwa hata kufikiri."

"Fanya kazi yako, fundi."

Nikanuna. Nikatoa mfuniko wa nyuma, nikavua mkanda na puli, nikaanza kulitoa dramu.

Kwa wasiojua, dramu, lile pipa la ndani linalozungusha nguo, linashikwa kwa nyuma na beringi mbili. Mbele yake kuna sili, raba inayozuia maji. Mara nyingi sili ndiyo inachoka, maji yanapenya, beringi zinaota kutu, unaanza kusikia ngurumo.

Hii haikuwa hivyo. Sili ilikuwa nzima. Kutu hamna. Beringi zilikuwa zimelika kwa kuzungushwa tu, grisi imeungua nyeusi tii. Dramu halina uzi, halina harufu ya sabuni. Na kamba ya kuanikia, pamoja na jua lote hili la Same, haina hata soksi.

Mashine ilikuwa inazungushwa tupu, kutwa.

"Dada Esta, mnafua nini humu?"

"Mashuka."

"Yako wapi?"

Akageuka, akaingia ndani.

Nikajisemea, Loth, hapa pana jambo. Lakini nilikuja kutengeneza, nikatengeneza. Nikazigonga za zamani zikatoka, nikakalisha mpya, nikafunga kila kitu. Nikawasha, nikaiweka kwenye kukamua.

Kimya. Linazunguka kwa kasi, na unasikia upepo wa kwenye bati. Nikacheka peke yangu. Kazi yangu ikitoka vizuri huwa najisifu, sioni aibu.

Nikaizima ile redio, maana mteja lazima asikie mwenyewe. Nikamwita Esta.

Alipoona dramu linazunguka bila sauti, machozi yakamtoka. Ndipo akapiga magoti.

"Zirudishe, fundi. Nakuomba kwa jina la Yesu."

Kabla sijajibu nikasikia sauti dirishani. Mtu anaugulia, kama amezibwa mdomo.

Damu ikanichemka. Nikasema kumbe! Huyu mama kamfungia mtu humu anamtesa, mashine ni ya kuficha kilio. Nikamruka, nikasukuma mlango wa chumba.

Kitanda kisafi. Shuka limenyooshwa. Juu yake bibi mmoja amekonda mpaka huruma, pembe ya kitenge iko kwenye meno.

Akaitoa taratibu.

"Shikamoo bibi," nikasema. Hasira yote ilinitoka.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, bibi."

"Umeniharibia. Na huyo usimtolee macho. Mimi ndiye ninayemwambia awashe."

Akanieleza mwenyewe, anapumzika kila maneno mawili matatu.

Alikuwa na uvimbe kwenye titi, ukahamia mgongoni. Ukaja mkutano wa maombi. Akaombewa, akaitupa fimbo yake, akapewa kipaza sauti, akashuhudia mbele ya umati kwamba amepona. Na maumivu yalimwachia kweli, siku chache. Suji wakachinja mbuzi wa shukrani. Wamama wa kikundi chake cha maombi wakashona sare. Wagonjwa wakaanza kumfuata awaombee.

Halafu maumivu yakarudi.

"Sasa nikionekana kliniki niwaambie nini? Kwamba nilimsingizia Mungu?"

"Majirani hawajui?"

Esta akajibu kutoka mlangoni, "Ukuta wa pili hapo anakaa mwimbaji wa kikundi chake. Upande huu anakaa mwenzao mwingine."

"Na dawa je?"

"Panadol."

Nilitaka kutukana. Nikakumbuka niko mbele ya nani.

Simu yangu ikaita. Anold.

"Fundi, vipi, imetulia?"

"Imetulia, kaka."

"Safi sana! Mpe mama basi nimsikie leo."

Bibi akanyoosha mkono. Nikaweka sauti ya nje, nikamshikia simu, maana vidole vyake havikuweza.

"Hujambo, baba," akasema. Na sauti ilitoka imara, mpaka nikashtuka.

"Shikamoo mama! Leo nakusikia kabisa. Mama, wachungaji wa huku nimewaeleza habari zako. Wanataka uje Jumapili utoe ushuhuda kanisani kwetu. Nimeshawaambia utakuja."

"Nitakuja, baba. Bwana asi..."

Maumivu yakamkamata hapo hapo. Nikaona mgongo unanyanyuka kitandani. Akatafuta kitenge kwa mdomo, akakikosa.

Esta akakimbia nje. Mashine ilikuwa imeshamaliza kukamua na kuzima; nikasikia swichi yake, tap! Masikini, mazoea. Mashine ikaitika, ikazunguka vizuri kabisa, haikutoa hata mlio.

Bibi Nakiete akalia. Alilia yote, ya miezi yote ile. Nyumba nzima ilisikia, jirani alisikia, na Anold alisikia.

"Esta! Nani huyo analia? Fundi, nani analia hapo?"

Esta alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani.

Maumivu yalipompa nafasi, bibi akasema mwenyewe. "Ni mimi, baba. Ule uvimbe haukutoka."

Nikasikia mwanaume mzima anaanza kulia ndani ya simu.

Usiku ule ule Anold alipanda basi. Wakampeleka mama yao hospitali kubwa. Daktari akasema kwa ugonjwa wamechelewa, ila kwa maumivu hawajachelewa, dawa zake zipo, zilikuwepo siku zote. Bibi akapewa, akalala usingizi. Esta aliniambia alikaa pembeni ya kitanda anamwangalia mama yake anavyolala, akasahau hata kula.

Bibi hakuishi sana baada ya hapo. Tukampandisha Suji, tukamzika.

Pale makaburini, mama mmoja mwenye sare ya kikundi alimwinamia mwenzake, akasema wala hakunong'ona, "Angeshikilia imani asingekufa. Hospitali ndiyo imemmaliza."

Nilifumbua mdomo wangu huu mnaousikia. Esta akanishika mkono.

Akamgeukia yule mama, kwa upole kabisa. "Dada, mama alishikilia. Alishikilia mpaka akang'ata vitenge vyake vyote vikatoboka. Alikuwa anaogopa nyie mtamsikia."

Yule mama akatazama chini. Wengine nao wakatazama chini.

Sipingi maombi, nasali na mimi. Nasema hivi: mgonjwa wako akisimama kushuhudia, mshangilie, mpigie na vigelegele. Kesho yake mpeleke kliniki. Na maumivu yakimrudia, mwambie mapema kwamba anaruhusiwa kulia, na kwamba hajamwaibisha mtu yeyote.