Utani Ulikuwa Sheria ya Kisima

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu aliniangalia kutoka viatu mpaka kofia, kisha akaniuliza kama najua kucheka. Nilikuwa nimekuja na sururu ya marehemu babangu begani, mikono imejaa nguvu za ugali wa wimbi, nikitarajia aniulize mambo ya kuchimba. Nikasema najua. Akaniambia, "Basi cheka tusikie." Sikuweza. Mtu akikuamrisha ucheke, kicheko hujificha kama kuku aliyesikia kisu kinanolewa. Watu wa kikosi wakacheka kwa niaba yangu, na hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi, pale Kiogoro, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja aliyetaka maji yake mwenyewe.

Niwaeleze ninyi vijana, maana siku hizi mashine inakuja juu ya lori, inatoboa tundu la upana wa sufuria, inaenda zake. Sisi tulichimba visima kwa mikono, shimo la kumtosha mtu mmoja kuinama na kugeuka. Juu tulisimamisha miti miwili yenye panda, tukalaza gogo lenye mkono wa kuzungushia. Hiyo tuliita winchi, na kamba yake ndiyo iliyoshusha mtu na kupandisha udongo. Kwanza unapata udongo mwekundu, laini, wa kukudanganya. Halafu maramu, ule udongo wa changarawe. Halafu jiwe jeusi, na hapo ndipo unajua kama wewe ni mwanamume ama ulisingiziwa. Kila asubuhi, kabla ya mtu kushuka, tulishusha koroboi ikiwaka ndani ya ndoo. Ikizimika, hewa ni mbaya, hakuna kazi, watu wanaenda kunywa chai.

Lakini Fundi Mkuu hakuiamini koroboi peke yake. Alikuwa akisema, "Koroboi inakuambia hewa ilivyokuwa. Mtu ndiye anakuambia hewa ilivyo." Kwa sababu hewa ya shimoni hubadilika, hasa siku za ukungu, na haina harufu wala haibishi hodi. Basi utani ukawa sheria. Aliye juu kwenye winchi anarusha neno, aliye chini lazima alirudishe, kwa kicheko ama kwa tusi dogo lililo tamu kuliko lile. Akinyamaza, vuta. Hakuna kuuliza mara ya pili.

Nilimuuliza kwa nini tusiite tu, "Upo?" Akasema mtu anaweza kuitikia "niko" huku ameshaenda, kama vile wewe unavyomwitikia mke wako ukiwa usingizini. Lakini mzaha ukibisha mlango, ni lazima mwenye nyumba mwenyewe aje afungue.

Mwenzangu kwenye kamba alikuwa Owuor, mtu wa kutoka upande wa ziwani, Mkristo mzuri, aliyeoa dada yetu wa Nyakoe. Kwa hivyo tuliitana shemeji. Nikiwa chini ananiuliza kama nimefika ziwani kwao, anishushie ndoano. Mimi namwambia samaki wao wamekimbilia huku kwetu, wamechoka kukaangwa. Mambo ya kitoto, naweza kusema. Mke wangu alikuwa akiniambia mimi ndiye mwanamume pekee anayelipwa kwa kucheza. Na kanisani kwetu wakati ule mtu aliyebatizwa alitakiwa aache pombe na kicheko pamoja ndani ya maji yale yale.

Kitu kimoja sikuwahi kukizoea. Shimo likifika kina fulani linakurudishia kicheko chako, lakini linachelewa. Unacheka, unamaliza, unashika sururu, ndipo nacho kinakuja, kama kuna mtu wa tatu amekaa chini ya miguu yako ambaye ni mzito wa kuelewa mzaha.

Hapo hapo Kiogoro, ng'ambo ya ua wa mwalimu, kulikuwa na vijana wawili wakichimba shimo lao. Asubuhi moja ya ukungu tukasikia kicheko kutoka kwao. Kirefu, kimoja, hakina maneno. Owuor akasema majirani leo wana furaha, na sisi tukaanza kucheka kwa sababu ya kile kicheko. Fundi Mkuu akainua mkono. Akauliza, "Nani amesema kitu?" Tukasikiliza. Kweli, hakuna aliyesema kitu. Kicheko kilikuwa kinaendelea peke yake, ukubwa ule ule, kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi.

Tukaruka ua. Yule aliyekuwa juu alikuwa ameketi karibu na winchi, anatabasamu, amefurahi kwamba mwenzake huko chini amechangamka. Tulipomvuta yule wa chini alikuwa bado ana joto, lakini alikuwa ameshakwenda. Tulimlaza kwenye nyasi. Tabasamu halikutoka. Mamake alifika akajaribu kulifunga kwa mkono, polepole, kama unavyofunga macho ya maiti, na likarudi.

Jioni Fundi Mkuu alituambia tujifunze tofauti. Alisema kicheko cha mtu kinangoja mzaha. Kicheko cha shimo hakingoji.

Tuliendelea, Nyakoe nyuma ya soko, kisha mashamba mengi ambayo nikianza kuyataja tutalala hapa. Kifua cha Fundi Mkuu kikachoka. Siku moja akanipa kamba mkononi mbele ya watu, akaenda nyumbani kuchunga ndizi zake. Nikawa mimi ndiye Fundi Mkuu, na Owuor akasema sasa kazi imeingia mikononi mwa mtu anayeogopa mjusi, jambo ambalo ni kweli na bado ni kweli.

Ndipo tukaitwa Manga, huko juu ya milima, kuchimba kisima cha kanisa. Mkubwa wetu alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Kisii mjini. Mtu mkubwa wa mwili, uso wa kufungwa kufuli, lakini mtu mwema. Alituombea kila asubuhi, na githeri ya mchana ililetwa na mkewe mwenyewe, Mama Moraa, ikiwa moto. Ila aliposikia utani wetu siku ya kwanza, alitusimamisha. Alisema hapa ni uwanja wa Bwana, na Maandiko yamekataza upuzi. Mtu aliye shimoni aimbe. Wimbo utasikika vilevile, na Nyasae, Mungu wetu, atausikia pia.

Sikuona ubaya mkubwa. Lakini Owuor akaninong'oneza, "Shemeji, mimi hata usingizini naimba. Muulize dada yako." Hapo ndipo woga ukaniingia. Wimbo wa kanisani mtu ameuimba tangu akiwa mgongoni kwa mama. Mdomo unaujua bila yeye. Nikamwendea Mwenyekiti nikamweleza, nikamwambia na ya kule Kiogoro. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila haraka. Kisha akasema mtu akifa akiimba, Fundi, huyo amekufa vizuri. Tukaimba akiwapo, na akishuka mjini dukani tukataniana kwa sauti ya chini, kama watu wanaovuta bangi.

Maji tukayapata. Mwenyekiti alikuwa ameliahidi kanisa kwamba maji ya kwanza atayateka kwa mkono wake mwenyewe, na ikapangwa siku ya watu wote kuja. Siku hiyo ukungu wa Manga ulikuwa umekaa chini, huoni mti wa pili. Koroboi tuliishusha, ikawaka vizuri. Tukamfunga kamba kifuani, tukamkalisha kwenye ubao, tukazungusha winchi, mimi na Owuor na wanaume wengine wawili, maana alikuwa mzito. Alishuka akiimba sauti nzito ya chini. Mama Moraa na wanawake wa kwaya wakaupokea wimbo. Nisiseme uongo, ulikuwa mzuri. Ilikuwa ni kama ardhi yenyewe inaimba.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba ndoo ikijaa avute kamba. Kamba haikuvutwa. Wimbo ukaisha, wanawake wakanyamaza, lakini kule chini ukaanza tena tangu mwanzo. Watu wakatabasamu, wakasema Roho amemjaa. Wanawake wakaupokea tena. Ukaisha, akauanza tena. Owuor akaniangalia, uso umebadilika. Nikasikiliza vizuri. Katikati ya beti na beti pale mtu anapovuta pumzi, hapakuwa na pumzi. Na sauti ilikuwa ukubwa ule ule, haipandi, haishuki.

Sasa jiweke mahali pangu. Nikimvuta naye yuko sawa, nimemwaibisha mzee wa kanisa katikati ya ibada, mbele ya mchungaji na mkewe na watu wake wote, na hakuna kanisa litakaloniita tena. Nikingoja, pengine namngojea maiti. Nikainama juu ya mdomo wa kisima nikasema kwa sauti kubwa, juu ya wimbo:

"Mwenyekiti, kamba inauliza: tumeshusha mwenyekiti peke yake, ama kamati yote?"

Sauti za wanawake zilikatika kama uzi. Mtu nyuma yangu akasema, "Shindwa." Mchungaji akafumbua macho. Mimi nilikuwa nangoja kugombezwa, na katika maisha yangu sijawahi kutamani kugombezwa kama siku ile. Mtu mwenye akili zake angenikemea mpaka ukungu ukimbie. Lakini kutoka chini wimbo ulitoka vilevile, neno lile lile mahali pake pale pale.

Nikasema, "Vuta."

Tulivuta. Kilichoniogopesha si uzito, ni ule wimbo kutukaribia. Ulikuwa unapanda pamoja naye, unakuwa mkubwa, na ndani yake hamna mtu. Kichwa kikatokea. Macho wazi, yanatazama nyuma yetu, midomo inaimba, na ukungu unaingia mdomoni na kutoka. Tukamlaza mbali na kisima, kwenye nyasi. Sauti ikaisha, ikabaki midomo tu inacheza. Owuor akavua shati akampepea. Mama Moraa akaketi chini, akaweka kichwa cha mumewe pajani. Mchungaji akaanza kuomba na wengine wakaanza kulia kama msibani.

Kisha akakohoa. Akatapika. Macho yakageuka, yakatafuta watu. Akauliza nani amemwita. Akasema amesikia mtu akimwita, kitu juu ya kamati. Wote wakaniangalia mimi, nami nikaangalia viatu vyangu vya gambuti.

Ni Mama Moraa aliyesema, mwanamke ambaye, ninavyojua, hakuwahi kumtania mumewe mbele za watu. Akamwinamia sikioni. "Wanauliza, Baba Moraa, kama walishusha mwenyekiti peke yake, ama kamati yote."

Alilala pale akiangalia juu. Sisi tukangoja, kanisa zima, kama tunavyongoja sisi wachimbaji tukishika kamba. Lilianza tumbo kutikisika kabla ya uso. Akacheka. Kicheko kibovu, kimevunjika na kikohozi, hakina mpango. Mama Moraa akalia sasa, machozi yakimdondokea yule mzee usoni. Akasema, "Ni yeye. Huyu ndiye aliyenioa."

Na nyuma yetu kisima kikakirudisha kile kicheko, kikiwa kimechelewa, ingawa mwenyewe alikuwa amelala mbali na mdomo wake. Hakuna aliyegeuka. Nilikifunika kwa mbao kabla sijala kitu.

Baadaye nilipita dukani kwake mjini kununua misumari. Aliwaambia wafanyakazi watoke kidogo. Akaniuliza kama ni kweli alikuwa akiimba. Nikamwambia aliimba vizuri, bila kukosea neno. Akapanga misumari kwenye mizani. Kisha akasema, "Fundi, mimi sikuwepo. Ni nani alikuwa anaimba?"

Tangu hapo kila kazi ya kanisa lile, hata ya kupaka chokaa, yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha utani, vibaya sana, maana hakuwa na kipaji, na watu walimcheka kwa heshima.

Sasa nimestaafu. Goti limekataa ngazi, sembuse shimo, na Owuor ana wajukuu wanaomwita babu wa samaki. Nikikaa kanisani nasikiliza watu wazima wakiimba, na mara nyingine nywele zinanisimama. Kila neno mahali pake, na pumzi sisikii. Sisemi watu wacheke ovyo. Kuna kicheko cha shimo pia, nakisikia kwa watu wakitazama simu, hakingoji mzaha. Nasema tu kwamba mtu usiyeweza kumtania hujui kama yupo. Mkeo mtanie. Mchungaji wako mtanie kwa adabu. Yesu aliwapenda watoto, na mtoto ukimrushia neno anakurudishia papo hapo, kwa sababu yuko nyumbani.

Mwenyekiti amezeeka sana. Akili zinamwacha kidogo kidogo. Majina ya watoto wake yamepotea, la Moraa pia, lakini nyimbo zote anazo. Mkewe hunipigia simu, anasema, "Fundi, njoo umwite." Nami nachukua boda boda napanda Manga.

Juzi nilimkuta barazani amefungwa blanketi, mwembamba, anaimba. Akamaliza, akaanza tena. Nikaketi karibu nikamwambia, "Mwenyekiti, huo wimbo umeuimba mpaka malaika wameomba ruhusa waende chai."

Akaimba. Nikangoja. Mama Moraa alileta chai, ikashika utando juu, hakuna aliyeigusa. Kisha katikati ya neno akanyamaza. Akageuka akaniangalia kwa hasira, zile hasira za mzee aliyekatizwa ibada, na pembe moja ya mdomo ikapanda kidogo. Halafu akarudi kwenye wimbo wake.

Mama Moraa aliniuliza kwa sauti ndogo kama yuko.

"Yuko, mama," nikamwambia. "Ni kina tu kimeongezeka."