Mke wangu aliomba apandishwe mlimani akiwa hai

Wakuu, nawasalimu wote, na shikamoo kwa wakubwa wangu mliomo humu.

Mimi ni msomaji tu. Miaka mitatu nasoma nyuzi za watu, sijawahi kuacha hata comment moja. Nimeishia darasa la saba na kuandika kunanichukua muda, huu uzi nimeuandika kidogo kidogo kwenye simu tangu Jumapili. Mtanivumilia.

Ninachoandika kimenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Tunaishi Uluguru, upande unaoutazama mji wa Morogoro. Kijiji sitakitaja. Bodaboda zinaishia darajani, kuanzia hapo ni miguu, saa mbili na nusu kama huna mzigo na kifua chako ni kizima.

Mimi nina miaka 27, mke wangu 25. Tuna mtoto mmoja, Edina, ana miaka minne.

Niseme na hili mapema ili mnielewe mbele. Kwetu Waluguru shamba ni la upande wa mama. Nyumba yangu imesimama kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, mimi nilihamia pale kama mkwe. Mwenye kauli ni mjomba wake. Sio mtu mbaya, ila akishasema huwa haongezi neno.

Na mimi sio muongeaji. Mama Edina ndiye aliyekuwa anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Mimi nalima kabichi, karoti na njegere, yeye anajitwika tenga anashuka nalo sokoni mara mbili kwa wiki. Wateja wanamjua yeye. Nikishuka naye nasimama nyuma yake kama mlinzi.

Siku moja mteja akamuuliza, "Huyu kaka ni bubu?"

Akamjibu, "Sio bubu. Anatunza maneno, yakifika kilo nitakuletea."

Ndivyo alivyo.

Ugonjwa wenyewe ulianza na kupumzika.

Huyu ni mtu ambaye kwenye kupanda alikuwa ananiacha nyuma na mtoto mgongoni. Akaanza kupumzika kwenye jiwe kubwa la nusu ya njia. Baadaye akawa anapumzika na kwenye mfereji. Baadaye kila kona. Alikuwa anasingizia kandambili, anakaa anaitengeneza kamba yake, na kamba ni nzima.

Miguu ikaanza kuvimba jioni. Akawa hawezi kulala mpaka aegemee ukuta. Sisi tukasema ni kifua cha baridi, huku juu ukungu hauishi. Tukachemsha tangawizi miezi miwili. Hiyo miezi miwili naijutia.

Tulipomshusha hospitali alipimwa sana. Daktari, kijana tu mwenye adabu, akatuchorea kwenye karatasi mlango usiofunga vizuri. Akasema valvu moja ya moyo imeharibika, damu inarudi nyuma, huenda ni tangu zile homa za koo za utotoni. Inatakiwa apasuliwe Dar. Jina lake litapelekwa, tusubiri kuitwa.

Mimi nilibaki nautazama ule mlango wa kalamu.

Halafu akanigeukia mimi, maana ndiye mume.

"Mnaishi wapi?"

Nikasema, "Hapo juu tu."

"Kuna kazi nzito anafanya?"

Nikasema, "Hapana. Anaenda sokoni tu."

Wakuu, sikukusudia kudanganya. Kwetu ukiulizwa na mtu wa mjini unasema hapo juu tu, hata kama ni mwendo wa nusu siku. Na kazi nzito kwetu ni kupasua mbao au kubeba saruji. Kushuka na tenga la kabichi hakuna anayekuita kazi. Ni kwenda sokoni.

Mke wangu aliniangalia. Siku hiyo moja ndiyo niliyomsemea mimi.

Daktari akaandika dawa, akasema akapumzike nyumbani.

Tukapanda siku ile ile. Hakuwa na mzigo wowote. Tulipolipita jiwe kubwa akasema, "Baba Edina, nishike." Kabla sijamshika vizuri miguu ikaisha nguvu. Akawa anakohoa povu. Ilikuwa mchana, watu wanatoka sokoni. Wakatua matenga njiani, wakakata miti miwili, wakafunga vitenge ikawa machela, tukashuka naye karibu tunakimbia.

Aliokoka. Lakini tangu siku ile hajaikanyaga tena ile njia kwa miguu yake.

Aliporuhusiwa akaenda kukaa kwa dada yake Mazimbu, kwenye tambarare. Edina alibaki juu na bibi yake, na mimi nilibaki shambani kwa sababu maji ya mfereji yalikuwa yanapungua na karoti haziwezi kusubiri.

Ile ilikuwa miezi saba.

Kutoka uani kwa shemeji Mazimbu mlima wote unaonekana. Kila asubuhi mama Edina anatoa stuli anakaa anautazama. Bati letu tuliliezeka mwaka juzi, jua likilipiga asubuhi linang'aa, yeye akawa analitafuta. Ananipigia.

"Nimeiona nyumba. Umefagia?"

Masika mawingu yalipofunika ananipigia kwa sauti nyingine. "Leo mlima haupo." Basi, anasema hivyo tu halafu tunabaki kimya kwenye simu mpaka salio linaisha. Mimi huku juu nimesimama ndani ya hilo wingu, naona mwisho kabichi zangu mbili tatu.

Sokoni ikabidi niende mwenyewe. Wateja wananiuliza yuko wapi. Siku za kwanza nilikuwa nawaonyesha tu na mkono, kule. Baadaye nikajifunza kujibu.

Mwezi wa saba wa kukaa kule akaniambia ana ombi. Kabla ya kupasuliwa anataka kufika nyumbani. Siku tatu tu. Alale kwenye kitanda chake, amwone mtoto akiamka.

"Dada analia kila nikisema hivyo," aliniambia. "Wewe usilie. Tafuta njia."

Nikaanza na daktari. Safari hii nilijua nikifungua mdomo nitasema tena hapo juu tu. Kwa hiyo nilifanya hivi. Niliiwasha kamera ya simu pale darajani nikapanda nayo mpaka mlangoni kwangu, nasimamisha, naendelea. Kliniki iliyofuata nikaingia na mke wangu, nikamsalimu daktari, nikaweka simu mezani.

Aliangalia zaidi ya nilivyotegemea. Kwenye video unasikia ninavyohema. Mimi mwenyewe ambaye nimezaliwa milimani.

Akauliza, "Hapa anapita na mzigo?"

"Ndiyo. Tenga."

"Kilo ngapi?"

"Huwa hatupimi. Likijaa."

Akavua miwani akamwangalia mke wangu. "Mama, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Daktari, ulimuuliza yeye. Nilikuwa sijawahi kumsikia akijibu, nikamwachia."

Tulicheka wote watatu. Halafu daktari akasema kwa miguu yake hapana, hata hatua kumi za mteremko ule. Ila kama kuna namna ya kumfikisha bila yeye kutumia nguvu, dawa zake akiwa nazo, na kifua kikiwa hakina maji siku hiyo, siku tatu anaruhusu.

Namna ipo moja tu, machela. Na hapo ndipo pagumu.

Huku kwetu mgonjwa anashushwa na machela. Anayepandishwa na machela ni aliyefia mjini, anarudishwa kuzikwa. Hakuna mwingine. Ukiona miti miwili inapanda watu wameibeba, unatua mzigo, unavua kofia, unasubiri ipite.

Nilienda kwa mjomba na mkungu wa ndizi. Nikasema shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote bila kukatisha. Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo tangu nioe.

Akasema, "Mkwe, katika ukoo huu hakuna aliyepandishwa na machela akaamka. Unataka kumzoesha njia?"

Nikampigia mama Edina pale pale, nikaweka spika, maana niliona bora amsikie mwenyewe.

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Subiri upone kwanza. Utapanda na miguu yako."

"Na nisipopona?"

Mjomba akausogeza mkungu pembeni.

"Maana nisipopona mtanipandisha tu, mjomba. Mtanipandisha siku ambayo sioni kitu. Mimi nataka kupanda naona."

Halafu mama Edina akasema, "Maiti hakai. Basi nipandisheni nimekaa."

Mjomba aliitazama ile simu. Akanyanyuka akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani amekasirika. Nikasikia anakata mianzi.

Kiti tulikiazima kigangoni, cha plastiki, cha bluu. Mjomba alikifunga mwenyewe kwenye mianzi miwili mirefu. Tulikuwa wanaume wanane, wanne wanabeba wanne wanapokea. Tulimkuta darajani amevaa gauni la Pasaka, dada yake kamshika mkono.

Kupanda kwenyewe sitaeleza kote. Hakuacha kuongea isipokuwa pale nilipomkataza kwa sababu ya pumzi.

Mmoja wa wabebaji alimwambia, "Mama Edina, ungetuonea huruma, ungeacha ugali tangu jana."

"Nimewabebea kabichi zenu miaka mingapi? Leo na mimi ni tenga. Bebeni."

Njiani watu walifanya vile vile kama kawaida. Wakiona mianzi wanatua mizigo, wanaume wanavua kofia. Yeye anawapungia. "Vaeni kofia zenu, nipo." Bibi mmoja alishika kichwa, akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

Tulipolipita jiwe kubwa aliacha kuongea. Na sisi hatukumsemesha.

Edina alijificha nyuma ya bibi yake. Alikuwa amezoea kushushwa Mazimbu kumwona mama yake, kumwona hapa ilimchanganya. Mama yake hakumwita. Alikaa kizingitini akaanza kumenya njegere, polepole, mpaka mtoto akasogea kuchukua moja.

Siku tatu zile alifanya kazi ya kukaa na kuamuru. Kabichi nimezibananisha. Sufuria nimeliunguza. Bati halina kosa.

Siku ya pili aliliona tenga lake. Nilikuwa nimelitundika ukutani, sikutaka mtu alitumie. Mboga za sokoni nilikuwa nazibeba kwenye ndoo na viroba, tenga lipo.

Akasema nilishushe. Akalipangusa, akamwita mdogo wake wa mwisho, akampa.

Nikamwambia litakungoja. Akasema, "Likingoja litaliwa na panya. Nikirudi utanisukia jipya. Dogo."

Nilitoka nje kidogo.

Siku ya kushuka kuna jambo hatukulifikiria. Kwenye mteremko ukimbeba mtu akitazama chini atamwagika mbele. Ikabidi tukigeuze kiti, mgongo uende mjini, uso ubaki mlimani. Kwa hiyo alishuka kinyumenyume. Njia nzima alikuwa anatazama nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye mianzi ya nyuma, upande wa juu, uso kwa uso na yeye, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu. Sikugeuka. Nilikuwa naona kwenye macho yake kama nyumba bado inaonekana.

Kwenye kona ya mfereji akasema, "Basi. Imejificha." Akafumba macho mpaka darajani.

Wiki iliyopita ameitwa. Alhamisi asubuhi tunapanda basi Msamvu kwenda Dar. Sijui itakuwaje. Daktari alituambia wengi wanatoka salama, na hakutuficha kwamba wengine hawatoki.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Daktari akikuuliza unaishi wapi, usitaje mahali tu, taja njia. Sema ni saa ngapi, sema unabeba nini, hata kama kwenu hiyo haiitwi kazi. Na kama ni mkimya kama mimi, piga video. Ningefanya hivyo siku ya kwanza asingeanguka pale.

Naomba kuuliza. Kama kuna mtu humu amewekewa valvu, au ndugu yake, ilichukua muda gani mpaka akapanda mlima kwa miguu yake? Najua kila mwili na wake. Nataka tu kusikia kwa mtu aliyepanda. Nitasoma zote hata nikichelewa kujibu.

Kile kiti hakijarudishwa. Katekista alimkumbusha mjomba Jumapili mbele ya watu, wana ubatizo na viti havitoshi.

Mjomba akamwambia, "Kina kazi bado."

Kipo upenuni kwake. Mianzi hajaifungua.