Alhamisi za Phonie

Enzi zetu huku Kolwezi, sauti ya mtu aliye mbali ilikuwa na siku yake, saa yake na benchi lake. Sisi tulioanza shule kabla simu hazijaingia mifukoni tunaikumbuka nyumba ya phonie: chumba kimoja chenye redio ya kurusha na kupokea sauti, betri ya gari sakafuni, na waya mrefu uliotandazwa juu ya bati kati ya milingoti miwili. Aliyetaka kusema na ndugu zake wa Manono, mji ulio mbali nasi, alikuja Alhamisi saa kumi. Alikaa kwenye benchi, akangoja zamu, akabonyeza kitufe cha maikrofoni, akasema, kisha akamalizia "À vous!" ili wa upande wa pili wajibu. Aliyesahau kukiachia kitufe aliwasikilizisha watu wa miji yote mambo ya jikoni kwake.

Sisi watoto tuliuchukua mchezo huo tukaufanya wetu. Tulitoboa makopo mawili ya nyanya, tukayaunganisha kwa uzi wa kushonea magunia, tukaitana kutoka ukuta hadi ukuta huku vumbi la migodi likitukaukia midomoni. Tulisema "Bien reçu!", yaani nimekusikia, hata tulipotumwa maji. Jioni moja, bukari na fretins, ugali na dagaa wa kwetu, zikiwa mezani, nilimwomba kaka yangu chumvi nikamalizia "À vous". Baba aliweka tonge chini. "Hapa ku meza hakuna à vous," alisema. "Huku tunasemaka na batu, hatusemi na batterie." Kwa hiyo leo binti yangu Grâce anaponiandikia "mdr" (nacheka hadi kufa) na "tkt" (usijali), nami nikalazimika kumwuliza maana yake kama mgeni aliyepotea mjini, najizuia kumkaripia sana. Kila kizazi hujitengenezea ufupisho wake na kila mzazi hukasirika mezani. Ila sisi, angalau, tulikuwa tunamalizia neno lenyewe.

Mwenye phonie aliitwa Tata Ngoy; tata, kwetu, ni baba. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa na amri zake. Matusi hayakupita. Habari ya msiba hakumpa mtu aliyekuja peke yake. Alimwambia, "Kaa kwanza, tuite mukubwa wa nyumba," akamtuma mtu kumleta mzee wa familia, ndipo aseme. Sina nia ya kumpamba. Katika chumba chake hapakuwa na siri. Watu walitongozana mbele ya wageni kumi, na mengi yaliyosemwa pale yalifika sokoni kabla ya jua kuzama. Mama alizoea kusema, "Neno haina miguu, lakini inafikaka Manono mbele ya train." Mwaka mmoja tulikuja kuliona kwa macho.

Tantine Odile, mdogo wake baba, alikuwa anaishi nasi. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja wa Manono, na ndugu za mwanamume walikuwa wakijiandaa kuja kukamilisha mahari. Kila alasiri aliketi uani, bakuli la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, pembeni, akidarizi foronya: jina lake upande mmoja, jina la mwalimu upande wa pili. Jirani yetu Mama Béatrice alimwona asubuhi moja amebebwa kwenye velo, yaani baiskeli, na kijana asiyemjua. Alhamisi iliyofuata, akizungumza na kaka yake wa Manono, Mama Béatrice akatamka katika phonie kwamba Odile ameshaolewa Kolwezi. Huko Manono nako palikuwa na benchi lililojaa watu. Kesho yake, ingawa haikuwa siku ya Manono, ujumbe ukaja kupitia redio hiyohiyo: safari imesimamishwa.

Kijana wa velo alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Odile, aliyewasili kutoka Dilolo. Lakini nani angewaeleza? Nilimkuta tantine uani akifumua uzi wa foronya herufi moja baada ya nyingine, bila kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Baba alivaa koti, akanishika mkono, tukaenda kwa Tata Ngoy. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafunga redio, akatoka nasi moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mama Béatrice.

"Mama, ulipitisha bongo mu micro yangu," alimwambia. Bongo, kwetu, ni uongo.

"Tata, mi niliona na macho yangu!"

"Uliona velo. Haukuona ndoa."

"Basi nitaandika barua."

"Barua itasomwa na mutu moja. Bale bote balisikia, basikie tena. Siku ile ile, saa ile ile. Utakuya."

Alikuja. Benchi halikutosha, watu walisimama hadi barabarani. Tata Ngoy hakumpa maikrofoni kwanza. Aliishika mwenyewe: "Manono, Manono, hapa Kolwezi. Juma ilipita, micro yangu ilibeba bongo juu ya binti ya batu. Miye njo nilifungua njia, miye njo naomba pardon ya kwanza. À vous." Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwahi kumsikia mtu mzima mwenye chombo akiomba msamaha kwa sababu ya chombo chake. Kisha Mama Béatrice akanong'ona. "Pandisha sauti," akaambiwa, "siku ile ulipandisha." Akarudia kwa sauti, jasho likimtiririka.

Redio ikakoroma. Baba aliniminya vidole hadi vikauma. Halafu ikaja sauti ya mwanamke mzee, mama yake mwalimu: "Kolwezi, bien reçu. Na ule wa velo, akuye na yeye ku ndoa, tumuone vizuri! À vous."

Chumba kizima kilicheka. Na Tata Ngoy hakumfungia Mama Béatrice mlango. Juma lililofuata alikaa kwenye benchi kama wengine, akamsalimia kaka yake, akapima maneno.

Mwaka jana ukurasa mmoja wa mtandaoni usio na jina la mwenyewe ulimzulia mwalimu mwenzangu kwamba anawauzia wanafunzi maswali ya mitihani. Niliripoti. Kampuni yenye mtandao huo ikanijibu kwa sentensi moja ya Kifaransa kwamba maneno yale hayavunji kanuni za jumuiya yake. Jumuiya gani, sikuambiwa. Baada ya majuma matatu yakafutwa. "Maman, ni bon, balishafuta," Grâce alinifariji. Nikamwuliza: na waliosoma, nani amewaambia? Hakuna aliyewaambia. Nasikia wanasheria wakibishana kuhusu kuyadhibiti makampuni haya. Wengine wanataka yabanwe, wengine wanahofia midomo yetu ndiyo itakayobanwa, na hofu hiyo naielewa. Mimi ningeomba dogo: aliyelibeba neno la uongo alibebe na sahihisho lake, hadi kwenye masikio yaleyale. Kobalti ya simu hizo inachimbwa chini ya miguu yetu, katika migodi ya Musonoi na Mashamba, lakini mlango wa kubisha hatujapewa.

Mwenzangu alichoka kutazamwa, akahamia Likasi. Nilimsindikiza hadi kwenye basi. Tulikuwa wawili tu. Ndipo nilipoikumbuka asubuhi ya kumpeleka tantine Odile kwenye treni, akienda Manono kuolewa na mwalimu wake, na nikashukuru kwamba nililelewa na watu wale, kwa kuwa bila wao nisingejua kwamba jambo kama hilo linaweza kutengenezwa. Watu wote wa benchi la phonie walikuja kituoni. Aliyebeba sanduku kichwani, akiimba kuwashinda wote na akikataa kupokewa, alikuwa Mama Béatrice.