Kahawa Inayopimwa kwa Baba Yetu

Saa moja kasorobo asubuhi, jikoni kwa mwajiri wake mjini Kitengela, Kamene Mbaluka anafuta mikono kwenye aproni, anabonyeza kitufe, kisha anaanza kusali.

Hafumbi macho. Ameyakaza kwenye mdomo wa mashine ya chuma iliyo mbele yake, ambayo inanguruma na kutikisa vijiko mezani. Sala ni Baba Yetu, kwa mwendo wa kanisani, bila haraka. Kahawa inashuka kama uzi mwembamba wa asali. Anapofika penye kuomba riziki, kikombe kidogo kimejaa nusu. Anaposema Amina, anazima.

"Ikimalizika kabla ya riziki, hiyo ni maji tu, tena chachu," anaeleza. "Na nikifika Amina na bado inadondoka, itakuwa chungu. Lazima zimalizike pamoja."

Mwandishi huyu aliipima sala hiyo kwa saa ya mkono. Sekunde ishirini na tano. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini Bi Kamene ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiupima msemo huo kikombeni.

Anaonja, anafikiri, anamwaga kwenye sinki. Hii ilikuwa ya majaribio. Ile yenyewe ni ya babake, Mzee Mbaluka Ndolo mwenye umri wa miaka sabini na minne, ambaye ametoka Kangundo alfajiri kwenda kliniki ya macho na ameahidi kupitia hapa kwanza. Jumatatu, vijana wawili wataingia shambani mwake na majembe kung'oa miti ya kahawa arobaini na mmoja iliyobaki. Ameshawaita. Kati ya miti hiyo na jembe kumebaki kikombe kimoja.

Bi Kamene, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mfanyakazi wa nyumbani. Amekuwa Kitengela tangu mwaka 1999. Hulipwa shilingi elfu nne na mia tano kwa mwezi, na karibu nusu yake huenda nyumbani.

Miti hiyo ilipandwa na mamake, Mukai, mwaka 1971. Ilikuwa mia mbili. Mukai alichimba mashimo yote kwa mikono yake, kina cha futi mbili kila moja, Kamene akiwa mgongoni. Watoto walichuma kabla ya kwenda shule, na Jumamosi walibeba magunia hadi kiwanda cha ushirika.

"Na hatukuwahi kuionja," anasema. "Hata siku moja. Nyumbani tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kupeleka. Ukikaanga yako, watu wanasema umeiba, na ni yako!"

Miaka ya tisini ikaja na balaa lake. Malipo yaliteremka, hadi msimu mmoja familia ikapata shilingi tatu kwa kilo. Kila mvua ilipokaribia, Mzee Mbaluka aling'oa mistari miwili na kupanda mahindi na maharagwe. Hakuna wa kumlaumu, kwani watoto hawali kumbukumbu. Mukai aliaga dunia mwaka 1997 kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa pembeni mwa mistari iliyobaki.

Mashine yenyewe ilifika Kitengela mwezi Aprili mwaka huu wa 2006. Mwajiri wake, Bi Selpha Akoth, aliletewa na kakake anayefanya kazi Italia. Bi Akoth ni mhasibu jijini Nairobi, na anakiri kwamba zawadi hiyo ilimshinda.

"Nilinunua kahawa ya mkebe, nikaweka, ikatoka mbio kama maji ya mfereji," anasema huku akicheka. "Kitabu chake ni cha Kiitaliano. Nikaifunika kitambaa, ikakaa juu ya friji miezi miwili kama pambo. Kamene akaniuliza kama anaweza kujaribu. Nikamwambia, mama, hiyo jaribu tu, tayari imekufa."

Mwezi Agosti, babake alipokuja kliniki mara ya kwanza, Bi Kamene alikuwa amejiandaa. Alikuwa amebeba kutoka nyumbani debe la kahawa iliyokaushwa na maganda yake, ile ambayo wakulima huita mbuni. Aliitwanga kwenye kinu, akaipepeta kwa ungo, akaikaanga kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Kisha akafanya kosa ambalo labda binti wa Ukambani tu angelifanya kwa moyo safi kiasi hicho: akaipeleka kwa posho mill.

"Si huko ndiko tunasaga kila kitu?" anauliza. "Nikangoja foleni na watu wa mahindi. Ikatoka laini kama poda ya mtoto. Nikafurahi sana."

Furaha hiyo ilikufa mbele ya babake. Mashine iliguna, ikatetemeka, ikakataa. Kwa muda mrefu halikutoka tone. Kisha likatoka moja, jeusi kama lami, na lingine, na juu yake kulielea ukungu mweupe. Ulikuwa unga wa mahindi uliobaki kwenye mawe ya kusagia. Mzee akaonja, akatema kwenye leso yake, akaikunja leso polepole na kuirudisha mfukoni.

"Aliniangalia," anasema Bi Kamene, na sauti inapungua. "Akasema, 'Mwiitu wakwa, binti yangu, hii ndiyo ilivunja mgongo wa mama yako?' Akasema mvua ya mwaka huu haitakuta hata mti mmoja umesimama. Nililia hiyo siku. Nililia kwa sababu nilijua si kahawa ni mbaya. Ni mimi sijui."

Kutojua huko ndiko alikoanza kukufanyia kazi. Kwanza aliisafisha mashine kwa sindano na mswaki, tundu moja baada ya jingine. Halafu akakipata kinu kidogo cha mkono kwa muuza vyuma wa mitumba, chenye skrubu ya kukaza na kulegeza. Skrubu hiyo aliitia alama kwa rangi ya kucha. Kila siku baada ya kuosha vyombo vya asubuhi, alisaga kijiko kimoja, akaushindilia unga kwa sehemu ya chini ya gilasi ndogo, akapika, akaonja.

Ikitoka mbio, alikaza robo mzunguko. Ikigoma, alilegeza. Saa ya ukutani iko sebuleni na haionekani kutoka jikoni, ndipo akashika Baba Yetu, kipimo alichokuwa nacho kichwani tangu utotoni.

Aligundua pia kwamba kahawa iliyokaangwa leo haifai leo. Hutoa povu jingi kama sabuni na kuacha ukakasi mdomoni. Ukiiacha siku tano kwenye mkebe, inatulia. "Kama mtu aliyekasirika," anasema. "Mwache kwanza."

Kufikia katikati ya Septemba, kahawa ilikuwa ikiisha na Amina. Lakini ladha bado ilikataa. Kulikuwa na kitu kizito, kama chaki, ambacho hakikuondoka hata skrubu iguswe vipi. Alikaribia kukata tamaa, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Ukambani.

Jibu lilitoka kwa punda.

Olonana Kisemei huuza maji mtaani kwa mkokoteni. Asubuhi moja alisimama langoni, wakasalimiana kwa Kimaasai kama kawaida, "Takwenya," naye Bi Kamene akajibu, "Iko." Alipoona punda amechoka, Bi Kamene akamwekea maji ya bomba kwenye beseni. Punda akanusa, akageuza kichwa.

"Huyo hanywi hiyo," Bw Kisemei alimwambia. "Hiyo ni maji ya borehole, ya kisima kirefu, iko na chumvi. Hiyo ninauzia nyinyi watu. Huyu anangoja ya mvua."

Bw Kisemei anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Huyo mama aliniacha hapo na mtungi kichwani," anasimulia. "Akakimbia ndani kama mtu ameacha maziwa kwa moto."

Ndani, Bi Kamene alikuwa ameinamia birika. Alikwangua ukoko mweupe uliogandana chini, ule ambao kila mama wa Kitengela anaujua na hakuna anayeujali, akaulamba. Ladha ilikuwa ileile. Siku hiyo alikamua ndimu nane, akapitisha maji yake ndani ya mashine mara tatu hadi vipande vyeupe vikaacha kutoka. Jumapili akamwomba mlinzi wa kanisa lake chupa mbili za maji ya mvua kutoka kwenye tangi la nyuma.

"Nilipopika na hayo maji, nilikaa chini kwa sakafu," anasema. Ile chaki ilikuwa imeondoka.

Saa tatu na robo, lango linagongwa. Mzee Mbaluka ni mrefu, amevaa koti la kijivu na kofia anayoivua mlangoni. Macho yamemfifia, lakini anaitambua sauti ya mashine na uso unamkunjamana. Anakubali kiti. Wanazungumza Kikamba, kisha, kwa heshima ya mwandishi mgeni, mzee anageukia Kiswahili.

"Nilikuambia sitaki tena hiyo kitu."

"Ni kidogo tu, Baba. Ukikataa, sitakuuliza tena."

Bi Kamene anabonyeza kitufe. Anaanza sala kwa sauti ya chini, na hapo linatokea jambo ambalo hakulipanga. Mzee wa kanisa kwa miaka arobaini hawezi kusikia Baba Yetu akanyamaza. Anainamisha kichwa na kuifuata, sauti yake nzito juu ya ile ya bintiye, hadi Amina.

Kikombe kinawekwa mbele yake. Anakizungusha vidoleni, anakinusa, anaonja. Anabaki amekishika karibu na mdomo. Bi Kamene amesimama, mikono ameifunga ndani ya aproni. Mzee anakunywa tena, na tena, mpaka kinaisha.

"Iko na kitu kama zambarau," anasema hatimaye. "Na kama sukari ilichomeka kidogo."

Kisha anavua miwani.

"Mama yako aliniuliza mara moja. Tulikuwa tunachuma. Akaniuliza, 'Ndolo, hii kitu inaonja aje?' Mimi nilikuwa kwa kamati ya kiwanda. Nikaogopa watu. Nikamwambia hiyo ni ya wazungu, chuma tu." Anafuta macho kwa leso. "Hakuuliza tena. Miaka zaidi ya ishirini alichuma, hakuuliza tena."

Bi Kamene anachukua kikombe, anasaga upya, na kupika cha pili bila kuulizwa. Mzee anakinywa chote. Ni baada ya hapo tu bintiye anapopata ujasiri wa kuuliza swali lililomnyima usingizi tangu Agosti.

"Na wale vijana wa Jumatatu, Baba?"

"Waje," anasema mzee. "Nimeshawaambia waje na majembe, waje nayo. Watachimba mashimo."

"Ya nini?"

"Wewe unafikiri miti arobaini na moja inatosha watu?"

Bi Kamene anageukia sinki na kufungua bomba, ingawa hakuna chombo cha kuosha. Anaporudi, uso ameuosha, na anazungumza kuhusu Desemba, atakapopata likizo yake ya wiki mbili. Anataka kununua kinu kingine cha mkono, akiache nyumbani Kangundo, awafundishe majirani kukaanga. Anataka miche ishirini kwanza, mvua ikiruhusu. Na anataka mmoja kati yake upandwe kando, pale pembeni alipolala mamake.

"Huo hatutachuma ya kupeleka kiwandani," anasema. "Huo ni wa kunywa."