Mzee Asiye na Ng'ombe

Mama yangu hunipigia kila Jumapili akishatoka kanisani, na akimaliza kunieleza nani kafiwa na nani kajenga, huuliza swali lilelile: "Unarudi lini?" Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na jibu zuri. Mkataba wangu ulikuwa unaisha kabla ya Pasaka, kwa hiyo nilimwambia Pasaka, naye akaridhika. Yeye yuko Lushoto kwenye baridi, na ng'ombe wake mmoja wa maziwa bandani. Kwa sababu ya ng'ombe huyo hajawahi kulala nje ya nyumba yake. Hata arusi ya mdogo wake kule Korogwe aliikatiza akarudi jioni kukata majani. Mimi nilikuwa Bariadi, juani, na ng'ombe wa mkoa mzima.

Wa mkoa mzima natia chumvi kidogo. Kazi yangu ilikuwa kuziba mapengo. Kampuni yetu ya huduma za mifugo, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, ilipeleka daktari mahali ambapo mwenyewe hayupo: kaenda masomoni, kajifungua, au yuko likizo na simu kazima. Nilikaa Lalago majuma kadhaa, mwenyewe akirudi nikahamia Shishiyu, kisha Lingeka kule Meatu, halafu nikarudi mjini kufua nguo. Wafugaji hawakuhangaika na cheo changu. Waliniita Kaimu. "Kaimu kaja!" watoto walipiga kelele wakiona pikipiki, na mbwa nao wakaja kuhakikisha.

Sasa, daktari wa kuziba mapengo hapimwi kwa ng'ombe aliyepona, maana ng'ombe aliyepona hapigi simu. Anapimwa kwa mfumo. Mratibu wetu, kijana wa Dar es Salaam aliyeipenda kompyuta yake kuliko chakula cha mchana, alitufungulia kila Jumatatu ukurasa wenye rangi. Kijani ni vizuri, njano ni jihadhari, nyekundu ni tuonane baadaye.

Nilichukua muda kuuelewa ukurasa ule, na nilipouelewa nikaanza kubishana nao. Kulikuwa na nafasi zilizojazwa, yaani katika vituo vilivyoachwa wazi ni vingapi vimepata mtu. Hapo tulikuwa kijani daima, kwa sababu sikuwa na mume wala shamba la kunizuia, nikitumwa naenda. Kulikuwa na muda wa kufika, unaohesabiwa tangu mfugaji apige simu mpaka mimi nibonyeze kwamba nimefika. Mfumo haukujua masika. Udongo mweusi wa huku ukilowa hushika tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unasukuma pikipiki huku buti zimekuwa nzito, na kule ofisini rangi yako inageuka taratibu kutoka kijani kwenda njano.

Halafu kulikuwa na muda wa ziara, na hapo nilicheka kabisa. Mfumo uliamini kwamba sindano moja ni dakika chache. Aliyeutengeneza hajawahi kuamkiwa na Msukuma. Mwangaluka yenyewe ni mwanzo tu. Baada yake unaulizwa ulivyolala, wa kwenu walivyolala, mvua ya kwenu ikoje, na ukijibu kwa pupa wanadhani umekuja kugombana. Kisha linakuja bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Mwanzoni nilikuwa naitupia simu jicho la wizi. Baadaye nikaona kwamba mambo yote ya maana husemwa kwenye michembe: ng'ombe walikunywa wapi, ndama yupi katoka mnadani juzi, dawa gani wamemchoma wenyewe kabla ya kuniita. Nikaiacha njano iwe njano.

Nyekundu ilitoka kwingine. Kiashiria cha mwisho kiliitwa wito wa kurudia. Maana yake, mteja yuleyule akipiga tena baada ya muda mfupi, mfumo unaelewa kwamba ng'ombe hakupona na daktari hakufanya kazi. Na mfumo humtambua mteja kwa namba yake ya simu. Mimi nilikuwa na namba moja iliyopiga, ikapiga, ikapiga tena.

Ilikuwa ya mzee mmoja mrefu, mkavu, mwenye koti la suti ambalo hakulivua hata jua la saa nane.

"Mwadila, mayu," alianza, maana huku mwanamke yeyote wa kuheshimiwa ni mama. "Ng'ombe ya jirani inaumwa. Simu yake haina chaji, ndiyo maana napiga mimi."

Mara ya kwanza niliona ni ujirani mwema. Jirani wa Lalago hana chaji, sawa. Kisha jirani wa Shishiyu naye hana chaji. Nilipohamishiwa Lingeka, wilaya nyingine kabisa, sauti ileile ikanipigia: jirani wa huko hana chaji. Jirani gani wa wilaya nyingine! Nikafika, nikamkuta mzee kasimama kando ya zizi ndani ya koti lake, anatazama juu kama mtu aliyekuja kukagua mawingu.

Ningecheka, lakini nilishaanza kuogopa. Mratibu alikuwa amesema wazi kwamba mwenye nyekundu haongezewi mkataba, nami nilitaka kuongezewa. Niseme bila kuzunguka: nilikuwa nimepapenda. Pasaka niliyomwahidi mama nilitaka niende kama mgeni, nile, nirudi kazini kwangu. Badala yake nilijiona nikirudi na mabegi yote, daktari ambaye ng'ombe wake hawaponi. Nikaanza kusoma upya vitabu vya chuo. Kila dozi niliipima, nikaipima tena. Wafugaji wakanishangaa.

Ukweli ulijitokeza niliporudishwa Shishiyu. Ng'ombe jike mwenye ndigana, ile homa ya kupe, alikuwa amelala, hataki kusimama. Mwenye boma alimvuta, akamsukuma, akamtukana kidogo. Hola. Mzee akakohoa, akasema maneno machache ya Kisukuma kwa sauti ya chini. Yule ng'ombe akainua kichwa, akasimama kwa shida, akatembea moja kwa moja mpaka kwa mzee na kuingiza pua ndani ya koti. Mwenye boma akatazama chini. Mzee akatazama mawingu.

"Baba," nikamwambia, "ng'ombe wa jirani anakufahamu vizuri."

Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanivuta pembeni. Wote walikuwa wake. Alikuwa amewaweka kwa watu, huyu kidogo, yule kidogo, kama watu wengi wa huku wanavyofanya. Mwenye boma anakamua maziwa, anapata samadi, na siku moja huambulia ndama. Ugonjwa ukiingia zizi moja haufagii wote. Nilitaka kumpa mkono. Chuoni tulifundishwa jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi. Lakini mzee hakuwa anaogopa ugonjwa peke yake.

"Wanangu wanajua zile za nyumbani," alisema. "Wakijua na hizi, kila mmoja ataoa kesho. Mayu, uliyoyaona umeyaona wewe."

"Nimeona ng'ombe wa jirani," nikasema.

"Wabeja," akashukuru, akapanda baiskeli yake.

Jumatatu mratibu akageuza kompyuta nione. Nyekundu yangu ilikuwa inang'aa.

"Dokta, huyu mzee vipi? Ng'ombe wake haponi?"

"Wamepona wote. Kila akipiga ni ng'ombe mwingine."

"Mwingine? Kwani anao wangapi?"

Hilo ndilo swali ambalo huku mtu hamuulizi mfugaji, hata akiwa shemeji yake. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli tupu. Nikamwambia mzee hupiga simu kwa niaba ya watu. Nikamwomba aongeze swali moja tu kwenye mfumo: ni ng'ombe yuleyule au mwingine? Asiulize wa nani, asiulize wangapi.

Mratibu si mtu mbaya. "Tumuulize sasa hivi," akasema, akapiga, akaweka sauti kubwa nisikie. "Habari mzee, ni ofisi ya mifugo hapa. Tunahakiki idadi ya ng'ombe wako waliotibiwa."

Nikafumba macho. Hata shikamoo hakusema!

"Ng'ombe?" ikauliza simu.

"Ndiyo, mzee. Ng'ombe wako."

"Mimi sina ng'ombe."

"Hata mmoja?"

"Nalima pamba," alisema mzee, na simu ikakatika.

Mratibu akanitazama. Kwenye mfumo wake sasa kulikuwa na mteja asiye na ng'ombe ambaye ng'ombe wake haponi.

Ningeweza kusema palepale nikajiokoa. Lakini ofisi yetu imegawanywa na ukuta wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake ni duka la pembejeo ambako watoto wa mzee hununua dawa ya pamba. Nikanyamaza. Nilikuwa na hasira ya kupasuka, na zaidi nilimkasirikia mzee, ambaye nilimfichia siri naye akanizamisha hivihivi.

"Makao makuu Dar es Salaam wanataka jibu wiki ijayo," mratibu alisema. "Nitakwenda mwenyewe kuwaona hao ng'ombe."

"Nenda," nikasema. "Ila usiulize kitu. Angalia tu. Na ukiletewa michembe, kula."

Jumamosi, nikiwa nimeshakata tamaa, nilikuwa nafunga mabegi. Nilipanga nyumba ya mwisho mjini, upande wa mashamba ya pamba, yenye uani mkubwa na kibanda kilichokuwa cha kuku. Nikasikia hodi. Nilipofungua, lilikuwa lile koti, na nyuma yake kamba, na mwisho wa kamba mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Gari la mnadani lilikuwa limewashusha barabarani.

Tukasalimiana kwa urefu wote unaotakiwa, ingawa nilikuwa nimenuna.

"Kuna mtu alinipigia simu," akasema mwishowe. "Hana salamu."

"Ni bosi wangu, baba. Umemwambia huna ng'ombe."

"Kwani yeye ni nani, nimwambie?"

"Basi kwa sababu hiyo nafukuzwa. Naondoka."

Akayaangalia mabegi. Akamwangalia mtamba. "Huyu hana pa kukaa," akasema. "Niwekee."

"Baba, nimesema naondoka."

"Unaenda wapi na ng'ombe yangu?" aliuliza, na nilivyomtazama niliona hatanii. Kwake ng'ombe alikuwa ameshafika, yaliyobaki yalikuwa porojo. Akafunga kamba kwenye nguzo ya kibanda, akaketi kwenye ndoo niliyoifunika, akasubiri chai.

Nilikwenda jikoni nikalia, na niliporudi nikasingizia moshi. Nilishaona mazizi yake. Nilijua anavyochagua mtu, anavyomsikiliza miaka kabla ya kumpa hata ndama mgonjwa. Mimi nilikuwa sijamaliza hata mwaka, tena nikiwa na mabegi mlangoni.

Jumatatu mratibu alichelewa kufika. Buti zake zilikuwa na udongo mweusi uliokauka, na alikaa kitini polepole kama mtu aliyeshiba mno.

"Wote wamesimama," akasema. "Nimewaona kwa macho yangu, wanakula majani. Mmoja kanipiga teke."

"Uliuliza ni wa nani?"

"Hapana. Wenyewe ndio waliniambia, kila mmoja alisema ni wa kwake. Nikauliza kwa nini hawapigi simu wenyewe, wakasema hazina chaji." Akaanza kucheka. "Dokta, simu zilikuwa zinaita mifukoni!"

Hakuniuliza zaidi, na tangu siku hiyo namheshimu. Aliongeza lile swali kwenye mfumo, ng'ombe yuleyule au mwingine, akarudi nyuma akawajaza wale wote aliowaona. Nyekundu ikageuka kijani mbele yangu, na kabla ya saa sita nilikuwa nimetia saini mkataba mpya. Kuhusu muda wa ziara hakusema tena neno, maana yeye mwenyewe alikuwa amekaa Shishiyu kutwa nzima.

Nilifurahi mpaka Jumapili. Jumapili nikakumbuka kwamba kuna mtu Lushoto anayenisubiri Pasaka.

Mama alinieleza ya misiba, akanieleza ya ujenzi. Mimi nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, habari za mkataba na likizo na nauli, na jinsi atakavyojivunia. Kisha akauliza, "Unarudi lini?" Kabla sijafungua mdomo, mtamba akalia uani.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Ng'ombe, mama. Kuna mtu ameniwekea."

Nikasikia upepo wa kwao kwenye simu, na nyuma yake ng'ombe wake akigonga ndoo.

"Unamkatia majani mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na jioni?"

"Na jioni, mama."

Akavuta pumzi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, bila ugomvi wowote.

"Basi," akasema, "Pasaka huji."