Kijani Kwenye Grafu ya Daktari

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, mke alikunywa chai kasimama, maana viti vya nyumba ile viliumbwa kwa ajili ya mumewe. Kesho yake moyo wa mke ulizima bila kuaga. Lakini asubuhi ile alikuwa mzima, na mbishi.

“Tia saini, Mama,” mume alimwambia. “Umebakiza miezi mitatu ustaafu. Bosi wako Daktari atakuhamishia stoo.”

“Stoo kuna dirisha, Mzee. Nitaota jua.”

Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye chumba cha giza chuoni. Majirani walimwita Bi Giza. Alimulika leza kwenye semikondakta, vile vipande vyembamba vinavyotiwa ndani ya simu na paneli za sola, na mashine ikachora mwanga uliorudi. Mlango wa kutokea koridoni ulikuwa na ufa chini. Aliandika barua tano kuomba seremala. Zote zilijibiwa: imepokelewa.

Mumewe, ambaye shule aliiona kwa nje, alieleweshwa kwa CD iliyokwaruzika. Mke aliielekeza kwenye taa ya mrija ya jikoni, aina ile ile ya chuoni, na mwanga ukagawanyika rangi juu yake.

“Unaona kijani hicho? Kila mwanga una rangi zake. Hauwezi kuzificha.”

Basi Daktari huyo wa fizikia, mwenye vyeti vya kujaza ukuta, akapata mwiba kwenye grafu, mstari uliochongoka juu penye rangi ya kijani. Akatangaza kuwa kipande chake kinatoa mwanga usiopata kuonekana duniani. Akaalika wageni, akaagiza keki. Ilibaki saini ya Bi Giza, fundi wa mashine, tu, naye akagoma: alishakitoa kipande, na mwiba ukabaki pale pale. Ugunduzi wa ajabu kweli, unang’aa hata ukiwa haupo.

Mchana wa siku ile ya chai, wageni walijipanga gizani. Mwiba ukasimama kwenye skrini, wakapiga makofi. Bi Giza akatoka. Aliporudi, mwiba ulikuwa umelala chali, na makofi hayakujua pa kwenda.

Msibani Daktari aliongea nusu saa, jinsi marehemu alivyomsaidia “kuboresha vipimo.” Mume alimsikiliza, mkono mfukoni, juu ya ile CD. Alikumbuka mkewe alivyomsimulia jioni ile, sahani mkononi: Daktari kamfokea mbele ya wageni, nani kamruhusu kugusa ugunduzi wake, naye akamjibu:

“Sijagusa ugunduzi wako, Daktari. Nimezima taa ya korido tu.”